Harusi Niliyoirekodi Juu ya Kanga Yako

Wembley, Jumapili mchana

Shangazi Zuhura,

Shikamoo. Mkono umeandika wenyewe kabla sijakumbuka kwamba hakuna wa kuniitikia, basi naiacha hapo hapo. Nina habari, tena nzuri, na tangu Alhamisi nazunguka nayo nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nimecheka, nimelia, nimeunguza sufuria ya maharage. Binti yangu Salma ameniangalia, akatikisa kichwa, akaenda zake kazini. Anajua kwamba mtu wa kuambiwa habari hii ni wewe, na wewe una mwaka na miezi miwili sasa tangu tukuzike.

Nikupe kwanza ya huku. Nyumba yako tumeirudisha kaunsili, manispaa iliyokupangisha. Niliipiga deki mpaka sakafu ikang'aa, maana nilikuwa nakusikia masikioni: "Rukia, pembeni! Uchafu unakaa pembeni!" Yule muuza mihogo uliyekuwa unamrudishia mihogo yake kila wiki kwa kuwa ina mizizi, amefunga duka. Sasa pale wanapaka watu rangi za kucha. Nilikutana naye kituo cha basi, akaniuliza umehamia wapi. Nilipomwambia akavua kofia, akasema hajapata tena mteja mkorofi kama wewe. Nilimshukuru sana. Kaburini tumeweka jiwe, na jina lako limeandikwa sawasawa, nililikagua herufi moja moja kabla hawajalipeleka.

Sasa kanda zako. Nilizikuta kabatini siku ya kuhamisha vitu, kumi na mbili, zile za magurudumu, za kabla kaseti hazijawa na jina mjini, kila moja ndani ya boksi lake la karatasi ngumu lisiloandikwa kitu. Kumi na moja zilisimama wima kama vitabu. Moja ilikuwa imelala peke yake kwenye rafu ya chini. Sheria yako naijua: kanda yenye kazi husimama, kanda tupu hulala. Kuandika jina juu ya boksi ulikataa katakata. "Ukishaandika jina hutafungua tena kuangalia," ulisema, na aliyetaka kubishana na wewe alikuwa na muda wa kupoteza.

Nilizipeleka kwangu zote, nikazifungia chumbani, na sikutaka kuzitazama. Sababu nitakueleza.

Kisha ikaja barua. Kuna msichana anaitwa Hannah, anafanya kazi katika jumba la sanaa. Anatayarisha maonyesho ya watu wa kwanza waliochezea video katika mji huu, enzi zile kamera ya kubeba begani ndiyo kwanza inaingia mikononi mwa watu wasio wa vituo vya televisheni. Amesoma makaratasi yote ya ile karakana yenu ya bohari kuukuu kando ya mfereji, mlipokuwa mkikutana Jumamosi, vijana wenye nywele ndefu na wewe na sare yako ya wodini. Katika kijarida chenu cha kupiga chapa akakuta mistari sita inayomtaja nesi mmoja kutoka Afrika, aliyezungushia televisheni kitambaa cha maua, akaielekezea kamera, na picha ikaanza kujila yenyewe. Jina hakuna. Hannah akauliza kila mzee aliyebaki, mpaka akampata yule mgonjwa wako wa mguu uliovunjika, aliyekupeleka karakana kwa mara ya kwanza alipopata nafuu. Sasa ni babu mwenye fimbo. Ndiye aliyesema: huyo ni Zuhura.

Mistari sita bila jina, Shangazi. Wenzako wana vitabu, wana picha ukutani, wengine waliitwa maprofesa. Nilisikia hasira mpaka chai nikaimwaga.

Hannah alikuja nyumbani, akala sambusa nne, akanieleza kwamba anaitaka kazi ile ikae chumba kikubwa, katikati ya maonyesho yote. Anasema wengi wa enzi ile walielekeza kamera kwenye skrini wakapata mwanga unaozunguka, lakini hajasikia mwingine aliyeingiza nguo ya kwao mle ndani. Akaniuliza kama kanda ipo. Nikajibu kwamba zipo zote. Huo haukuwa uongo, ila nilikimbilia kumwongezea chai.

Unakumbuka uliponionyesha? Ilikuwa wiki yangu ya kwanza, nina miaka kumi na tisa, nimetoka Tanga na koti la kuazima. Ulinikalisha kwenye kochi, ukafunga pazia, ukaizungusha kanda kwenye mashine ya mezani. Kwanza nikaona televisheni, imening'iniziwa kanga pembeni. Ndani ya televisheni, televisheni nyingine na kanga yake. Ndani yake tena nyingine, mpaka macho yanakosa pa kufikia. Halafu ukainamisha kamera kidogo tu, na maua yote yakaanza kuzunguka, yanazaliana, yanamezana, meupe na meusi. Nilidhani mashine imeharibika. Nikakuuliza ni ya nini. Ukanijibu, "Televisheni kutwa inatuangalia sisi. Siku ile nikaiambia ijiangalie yenyewe." Sikuelewa kitu, lakini niliomba uirudie mara tatu.

Mwaka uliofuata akaolewa dada Mwanaidi, mtoto wa baba mkubwa, ukumbini hapa hapa Wembley. Na kwetu, harusi ikikaribia, nyumba lazima igeuzwe juu chini, hata kama ukumbi ni wa kukodi. Nikatoa kila kitu kabatini, nikapangusa vumbi, nikarudisha. Kanda zako nikazilaza. Zote. Nikazipanga mafungu mawili yaliyolingana, nikayafunika kwa kitambaa cha kudarizi nilichopewa na mama, nikarudi nyuma hatua mbili kujisifu. Hakuna binti aliyelelewa na mama yangu ambaye angeacha vitu vimesimama ovyo ovyo kabatini wakati wageni wanakuja.

Siku ya harusi ulikuwa zamu ya asubuhi. Ukanipigia simu kutoka wodini: "Beba ile kamera yangu kongwe, uwarekodie watu wa Tanga waone. Chukua kanda iliyolala." Nikafungua kabati, zimelala zote. Nikachukua ya juu.

Kesho yake uko kazini tena, nikaiweka kanda mashineni nione kama nimefanya vizuri. Mwanaidi alipendeza hata bila rangi. Baba mkubwa alikuwa ananyoosha tai yake kila baada ya hatua tatu. Nikacheka peke yangu. Kisha harusi ikakatika katikati ya vigelegele, picha ikaruka mara mbili, na baada yake yakaja maua. Kanga ndani ya kanga. Zilikuwa dakika nne za mwisho za kazi yako, na nyingine yote nilikuwa nimeifuta mimi. Hapo ndipo nilipoelewa kulala na kusimama.

Niliirudisha kanda mwanzo, nikaitia kwenye boksi lake, nikazisimamisha zote. Ulipoingia nikakuambia kamera imekataa, haikurekodi chochote. Uliniangalia. Ukasema, "Haya, mashine ni mashine," ukaenda kuosha miguu. Mwanaidi alilia kwenye simu. Mwezi wa tisa nikaenda chuo Leicester, na niliporudi Krismasi mashine zote mbili, ya mezani na ya kamera, hazikuwepo. Zimechoka, ulisema, umempa mtu. Nilimshukuru Mungu, astaghfirullah, nilimshukuru kweli, kwa sababu bila mashine hakuna ambaye angeona.

Miaka karibu arobaini nimelala na jambo hili. Nilikaribia kukuambia Salma alipozaliwa, ulipokuwa unamuogesha. Nilikaribia tena tulipokuwa kwenye basi tunakwenda Peckham kwa Mwanaidi, mvua inapiga dirisha, na wewe ukanigeukia ghafla ukauliza, "Rukia, una neno?" Nikasema sina. Ulikuwa na tabia hiyo, kuniuliza hivyo bila sababu. Hata hospitali, siku mbili kabla hujaenda, ulinishika kidole ukauliza, "Una neno?" Nikakuambia sina Shangazi, pumzika. Sitaki hata kuandika jinsi nilivyotoka pale.

Kwa hiyo waza mwenyewe hali yangu Hannah alipoanza kutaja chumba kikubwa. Mji mzima ulikuwa umekusahau jina, na kitu kimoja ambacho kingekurudisha nilikifuta mimi, kwa unadhifu. Nilimweleza Salma. Wewe unamjua, unamsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kushika simu, kisha akasema, "Mum, just tell them," yaani niwaambie tu. Kwake kila kitu ni rahisi hivyo.

Kanda zako zilipelekwa kwa fundi mmoja anaitwa Colin, mzee mpole ambaye amejenga mashine moja nzima kutokana na mashine tatu zilizokufa. Ungempenda, naye hamalizi chai yake. Akanieleza kwamba kanda za zamani hutoka utomvu, ukizicheza hivyo hivyo zinanata na picha yote inabanduka. Kwa hiyo anazioka. Wallahi, anazioka! Anazitia kwenye oveni ndogo, joto la chini kabisa, kutwa kucha, halafu anaziacha zipoe taratibu. Nikamwambia mkate wa sinia haujawahi kunichukua hata saa moja. Hakucheka. Akasema zikishaokwa, nyingine huenda zikacheza mara moja tu, kwa hiyo lazima mashine ya kunakili iwe tayari kabla hajabonyeza.

Nilikuwa nakwenda kila Alhamisi. Wiki ya kwanza yakatoka mambo yako ya majaribio, mistari, duara, kivuli cha mkono wako. Wiki ya pili, kanda ya tatu ilipoanza, akatokea baba mkubwa ananyoosha tai. Hannah akasogeza kiti mbele. Colin akaniangalia. Nikawaambia. Niliwaambia yote, usafi, kitambaa cha kudarizi, uongo, nikitazama viatu vyangu. Nikamuuliza Colin kama kilicho chini ya harusi kinaweza kurudishwa. Akazima taa ya mashine, akasema hapana, kilichofutwa kimefutwa, hakuna fundi wa kukirudisha. Hannah hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Alisema atatumia dakika nne zilizobaki pamoja na ile mistari sita, labda kwenye kona, karibu na mlango wa chumba cha pili. Kona, Shangazi! Nilipanda basi nikapitiliza kituo changu mara mbili, kwenda na kurudi.

Alhamisi hii ilikuwa ya mwisho. Ilibaki ile kanda iliyolala rafu ya chini. Nilishawaambia ni tupu, Colin akaioka tu kwa kuwa hapendi kuacha kazi nusu. Nilikwenda kwa adabu, kuwaaga. Nilikuwa nimeshavaa koti alipobonyeza.

Ikaja michirizi, ikaja sebule yako. Televisheni ile ile, na pembeni yake kanga mpya, ile ya mduara mkubwa uliyokuwa unafungia mkoba wako wa safari. Na ndani ya televisheni, harusi niliyoirekodi mimi. Mwanaidi anaingia ukumbini, ndani yake anaingia Mwanaidi mwingine, ndani yake mwingine, foleni ya mabibi harusi inaingia ndani mpaka wanakuwa wadogo kama punje za mchele. Baba wakubwa ishirini wananyoosha tai kwa pamoja. Ukawa unainamisha kamera taratibu, na ukumbi wote ukaanza kuzunguka ndani ya kanga. Harusi ilipokatika, pale pale kwenye vigelegele, yakaingia maua ya zamani, zile dakika nne, na hukuziacha zipite. Ukazirudisha, ukazipitisha tena juu ya harusi, tena na tena, mpaka huwezi kujua kipi kimefutwa na kipi kimebaki.

Colin alikuwa amesimama. Hannah alishika mdomo. Na mimi nilikuwa bado sijaelewa vizuri, nilikuwa naangalia tu, mpaka sauti ikatoka.

Sikuwa nimeisikia sauti yako kwa miezi kumi na minne. Ulisema, nakunukuu neno kwa neno kwa sababu nimeshaisikiliza mara nyingi kuliko nitakavyokiri: "Rukia amerekodi harusi juu ya kanga yangu. Ameogopa maskini, ananyata nyumba nzima. Nitamngoja aniambie mwenyewe. Na wewe, bibi harusi, funga mdomo wako." Mtu mwingine akacheka, na kicheko kile nakijua tangu utoto, ni cha Mwanaidi. Kisha nawe ukacheka, kile kicheko chako cha kukohoa, kamera ikatikisika mkononi, na mabibi harusi wote mle ndani wakatikisika.

Nilikaa chini na koti langu. Hannah akaniuliza umesema nini, nikamtafsiria Colin alipoleta maji. Kumbe ulijua. Ulijua kabla sijaondoka kwenda chuo, na kanda hii mpya ukailaza kama tupu, ili mimi niamini haina kitu. Miaka yote ile ulipokuwa unaniuliza kama nina neno, ulikuwa unaniwekea mlango wazi, na mimi napita nje nikitazama barabara.

Nilimpigia Mwanaidi pale pale kwenye ngazi. Unajua alichosema? "Alhamdulillahi! Nilikula kiapo mimi! Nilikuwa nakuja kwa Shangazi kuangalia harusi yangu kwa siri kama mwizi, mpaka alipozitoa zile mashine." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hata baada ya mazishi. Akasema kiapo cha mtu aliyekufa ni kizito kuliko cha mtu hai, na wewe ulimwambia mpaka mwenyewe aseme, na mwenyewe hakusema. Halafu akanijia juu: "Na nilikulilia kwenye simu bure, mwongo mkubwa we!" Tukacheka mpaka watu wanaopanda ngazi wakatukwepa, mimi na simu yangu.

Nimepumua, Shangazi. Sijui niiseme vipi zaidi ya hivyo. Kuna mahali hapa kifuani palikuwa pamekazwa tangu nina miaka ishirini, nikapazoea, nikadhani ndivyo kifua kilivyo. Ijumaa asubuhi niliamka nikajinyoosha, na hapakuwa na kitu. Nikakaa kitandani nikijipapasa kama mtu aliyepoteza funguo.

Chumba kikubwa ni chako. Hannah hataki tena hata kusikia habari ya kona. Anasema kazi ya kwanza ingekuwa nzuri, lakini hii ya pili hajaona mfano wake, na mimi sikutaka kumkumbusha kwamba imetokana na kupangusa vumbi. Aliniuliza jina la kazi, nikamwambia wewe hukuwa unaandika majina, basi iachwe hivyo. Ila jina lako mwenyewe litaandikwa ukutani, Zuhura binti Salehe, msanii wa video na nesi. Alitaka kujua kama neno nesi liondolewe, lisije likakushusha. Nikamwambia akiliondoa atakukuta mlangoni. Mwanaidi anakuja na wajukuu wote, anataka waone kwamba aliwahi kuwa na kiuno.

Nikuambie na hili, kwa kuwa tumefika mahali pa kuambiana. Nimekukasirikia kidogo. Najua ulitaka nikomae, nijifunze kusimama na kosa langu mwenyewe. Lakini ulingoja sana. Ungeweza kunishika sikio siku moja, jikoni, ukanisemesha kwa ukali ule wako, ningelia dakika tano tukamaliza, na ningekaa nawe miaka yote hiyo bila kukwepa macho yako. Mimi na wewe sote ni wakaidi, na hilo hatukulipata kwa majirani.

Kwa hiyo nakuahidi kitu kimoja. Wiki iliyopita Salma aliazima gari langu, likarudi na mkwaruzo mrefu mlangoni, na ameliegesha upande ule usioonekana dirishani. Anadhani sijaona. Jioni hii akirudi nitampikia maharage mengine, nitamkalisha, nitamuuliza waziwazi, na tukimaliza tutakuwa tumemaliza. Sitamngoja mpaka mmoja wetu awe kwenye kanda.

Nakuacha upumzike sasa. Mola akupanulie nafasi hapo ulipo, akupe mwanga wa kutosha, na kama kuna kabati, nakuomba vitu vyako uvipange upendavyo mwenyewe. Nitakuja Ijumaa na maji ya mawaridi.

Lakini kabla sijafunga bahasha, nina jambo lililotakiwa kutoka kinywani mwangu wakati ule, wewe ukiwa umesimama mlangoni na viatu vya kazi. Najua unalijua. Nalisema kwa sababu ulilingoja.

Shangazi, kamera haikukataa. Nilirekodi harusi juu ya kazi yako, nikaogopa, nikakudanganya. Nisamehe.

Mwanao,
Rukia